Mama wa Tatu wa Sura ya Nne

Mmeniomba niwaandikie kuhusu kazi ya kusimamia tasnifu, ninyi walimu mlioajiriwa juzi na kugawiwa wanafunzi kumi kumi kila mmoja. Sitawaficha: nilipoipata barua yenu nilijiuliza kwanza nani hasa kaiandika. Ilikuwa imenyooka mno. Haikuwa na neno lililokosewa wala mahali mtu alipoishiwa subira. Nikampigia mmoja wenu simu. Akacheka kidogo, akasema, "Tulisaidiwa na simu, mwalimu." Basi nimejua naongea na nani, na ninyi mjue mnaongea na nani. Miaka yote niliyofundisha katika chuo kile kidogo cha kanisa hapa Mtwara, wanafunzi waliniita Mama Nani Kasema. Ndiyo maneno niliyokuwa nikiyaandika pembeni mwa kurasa zao kwa kalamu nyekundu: Nani kasema? Sasa nimestaafu, nakaa Likombe na kuku wangu, na bado mtu akinisalimia njiani huwa natafakari ana haja gani.

Kushuku kulikuwa nusu ya kazi yangu. Mnafundishwa nadharia, lakini hamfundishwi kuangalia karatasi. Dodoso lililofika sokoni lina dalili zake. Limekunjwa, limepata jasho, kuna jibu lililofutwa kwa sababu jirani wa mhojiwa aliingilia akasema si kweli. Dodoso lililojazwa chumbani ni safi kama shuka ya hospitali. Kulikuwa na kijana mmoja aliyepanga Magomeni, aliniletea madodoso ya wauza samaki wa Ufukoni, na wauza samaki wote, wanawake kwa wanaume, walikuwa wameandika neno "takribani". Nikayanusa mbele yake. Yalinukia sabuni. Nikamwambia, "Niletee muuza samaki mmoja tu anayesema takribani, nitakupa alama zote." Alipotea siku mbili. Aliporudi, dodoso la juu kabisa lilikuwa na magamba ya changu yamegandia, na maoni ya mhojiwa yalikuwa mstari mmoja: ondoka hapa unaniwekea kivuli. Huo ulikuwa utafiti.

Nilijua uongo huo unavyotengenezwa kwa sababu niliwahi kuutengeneza. Nikiwa mwanafunzi, nilitakiwa kuhoji bibi kumi na wawili wa Mikindani, nikachoka nikiwa na kumi na mmoja. Wa kumi na mbili nikamtunga. Msimamizi wangu alikuwa mchungaji mzee, Mwalimu Mathayo. Asubuhi alifundisha Agano Jipya na mchana mbinu za utafiti, kwa sauti ile ile. Akaisoma kazi yangu polepole, kisha akauliza, "Huyu bibi wa kumi na mbili, ananusa ugoro?"

"Ndiyo," nikajibu haraka, maana mabibi wengi walinusa.

"Alikukalisha wapi?"

"Kibarazani."

"Ukikaa kibarazani kwake, unaona nini mbele yako?"

Nikaanza kukunja pembe ya karatasi. Hakukasirika. Alisema tu, "Nenda kamtafute. Ukimkosa, mtoe." Nilipofika mlangoni akaniita tena. Akaniambia kwamba Tomaso aliomba kuona majeraha na hakufukuzwa kundini, kwa hiyo mtu asinitishe kwamba kuuliza ni kukosa imani. "Lakini uisome vizuri habari ile," akasema. "Tomaso alionyeshwa na mwenye majeraha mwenyewe. Hakwenda kuvua watu mashati njiani."

Maneno ya kwanza niliyashika maisha yangu yote. Hayo ya pili niliyasikia kwa sikio moja tu.

Zamani kazi zililetwa kwa mkono, na mwandiko ulikuwa shahidi. Halafu zikaja kupigwa chapa kwenye vibanda vya steshenari, na makosa yakawa ya yule binti wa kibandani, si ya mwanafunzi. Halafu zikaja kompyuta, na pamoja nazo programu iliyokagua wizi wa maandishi. Chuo kiliipokea kwa sala. Wiki ya kwanza tu ikaishika kazi ya mwanafunzi wa theolojia, ikapaka rangi nyekundu Sala ya Bwana yote, kuanzia "Baba yetu" hadi "Amina", ikisema imenakiliwa. Tulicheka. Lakini mwishoni ikaja hii ya sasa, programu inayoandika yenyewe, na hapo nikaacha kucheka. Nikaanza kumshuku kila mwanafunzi aliyeandika vizuri. Yule aliyeandika vibaya nilimpenda, nikaona angalau ni yeye. Liangalieni hilo, kwa sababu nadhani baadhi yenu mmeshafika hapo.

Ndipo akaja kijana nitakayemwita Estevao. Si jina lake. Kijiji chao nacho sitakitaja, na mtaona sababu. Kiko bondeni, karibu na Mto Ruvuma, katika vile vijiji ambavyo babu zao walivuka kutoka Msumbiji na majina yao ya Kireno, wakalima mpunga na wakabaki. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa. Estevao mwenyewe alikuwa kijana mkimya, mkubwa wa umbo, ambaye Kiswahili chake kilikuwa na uzito wa Kimakonde mdomoni. Darasani alisema kidogo na kwa kujikwaa. Kwenye karatasi alitiririka. Mnaona nilivyoanza.

Alichagua kuandika jinsi wazazi Wakristo wanavyoamua kuhusu unyago wa mabinti zao. Kwa anayetoka mbali: huku kwetu binti akikua huwekwa ndani, hufundishwa na wanawake wazima chini ya nyakanga, ambaye ndiye mkuu wao, kisha hutolewa kwa ngoma. Wengine kanisani wanalikataa jambo hilo, wengine wanalikubali likipunguzwa, na wengi wanalifanya wakinyamaza. Chuo chetu kilikuwa kikiwahimiza wanafunzi wasome jamii yao kwa macho ya imani. Tuliwaambia hivyo kila mwaka kwenye ibada ya ufunguzi. Kisha tulishtuka walipotuletea jamii yao.

Sura ya nne ya Estevao ilikuwa na kina mama watano, bila majina. Wanne walizungumza kama watu wanavyozungumza, wakirudi nyuma, wakikohoa, wakisema "mimi sijui bwana". Lakini Mama wa Tatu, mke wa kiongozi wa kanisa, aliyempeleka binti yake unyagoni wakati wa likizo bila mumewe kuambiwa rasmi, alizungumza hivi: "Kanisani nilifundishwa kumjua Mungu. Kule porini nilifundishwa kukaa na watu. Sikuona kwa nini binti yangu apewe kimoja."

Nikaisoma mara tatu. Kisha nikaandika pembeni: Nani kasema?

Nikamwita ofisini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Huyu Mama wa Tatu ni nani?"

"Ni mhojiwa wa tatu, mwalimu."

"Kuhesabu najua. Nakuuliza ni nani."

"Nimemwahidi sitamtaja."

"Sisemi umtaje kwenye kitabu. Nitajie mimi, msimamizi wako."

Akaangalia viatu vyake. "Hata wewe, mwalimu. Unisamehe."

"Rekodi iko wapi?"

"Niliifuta. Alitaka niifute mbele yake, huku anaona."

"Wale wanne rekodi zao zipo. Huyu mmoja, anayesema vizuri kuliko wote, ndiye hana rekodi."

"Ndiyo, mwalimu."

"Na mwanamke gani wa huku atamwambia mwanamume mambo ya unyago?"

Hapo akainua macho. "Hakuniambia mambo ya unyago. Aliniambia mambo ya uamuzi wake. Nisingemuuliza hayo mengine."

Nilikuwa na sababu ya kuuliza hivyo. Mimi mwenyewe nilichezwa unyago. Nilikuwa bado shule ya msingi, kule juu Newala, na mama yangu alikuwa mwimbaji wa kwaya. Jambo hilo sikuwahi kumwambia mtu chuoni kwa miaka yote ile, nikiwa kwenye kamati za maadili, nikiwasikiliza wenzangu wakiwazungumzia wanawake wa namna yangu kama vile hawapo chumbani. Kwa hiyo nilijua mwanamke anavyonyamaza kuhusu jambo lile. Huyu wa Estevao hakunyamaza. Nikahitimisha kwamba hayupo, na kwamba ule utungo mzuri ulitoka kwenye simu.

Nikakataa kusaini. Bila saini yangu, jina lake lisingeingia kwenye orodha ya mahafali, na angesubiri mwaka mzima. Nikampelekea mkuu wa chuo habari. Akasugua paji la uso, akasema, "Kama ni ya kweli, itatugombanisha na viongozi wa kanisa. Kama ni ya uongo, itatuaibisha. Hakikisha." Alivyoitamka, nilishuku anaomba iwe ya uongo. Labda nami nilikuwa naomba hivyo hivyo. Mama yule akiwa hayupo, mimi ningebaki salama na siri yangu.

Jumamosi nikasafiri bila kumwambia Estevao, kwenda kijijini kwao alikofanyia utafiti. Nilipanda basi la asubuhi, kisha bodaboda kupitia kwenye mikorosho hadi barabara inapoanza kuteremka bondeni. Simu yangu ikashika mtandao wa ng'ambo na kunikaribisha Msumbiji kabla sijafika hata kanisani. Nilikuwa na sura ya nne kwenye mkoba, imepigwa chapa. Nikajiambia nafuata taratibu: mgeni huanzia kwa kiongozi. Nikaenda moja kwa moja kwa mchungaji.

Mchungaji alikuwa kijana wa rika lenu, mpole. Alinipokea kwenye chumba kidogo kando ya kanisa. Kulikuwa na mwanamume mwingine mezani, anaandika kwenye daftari la ubatizo. Sikuuliza ni nani. Mara hamsini niliwahi kuwakataza wanafunzi kufanya mahojiano mbele ya mtu wasiyemjua, na mimi sikuuliza.

"Mchungaji," nikasema, "sina haja ya jina la mtu. Nataka kujua tu kama kwenye usharika huu anaweza kuwepo mama wa kusema maneno kama haya." Nikatoa karatasi, nikasoma. Kanisani nilifundishwa kumjua Mungu. Kule porini nilifundishwa kukaa na watu.

Mchungaji aliinua mkono kidogo, kama mtu anayezuia mlango, akasema, "Katibu, hebu tupishe kidogo." Lakini yule wa daftari alikuwa ameshaweka kalamu chini.

"Kukaa na watu," akasema katibu. "Hayo ndiyo maneno yake. Kila akifundisha umoja wa kina mama anayasema. Ndiyo maana yule binti likizo tuliambiwa yuko kwa shangazi yake." Akamgeukia mchungaji. "Huyo ni Mama Estevao."

Sijui kama mmewahi kupata jibu sahihi mkatamani kulimeza. Kijana wangu hakukataa kumtaja mhojiwa. Alikataa kumtaja mama yake. Na mke wa mzee wa kanisa alikuwa mke wa baba yake, na binti alikuwa mdogo wake.

Katibu alipotoka, mchungaji aliitazama ile karatasi mkononi mwangu. Hakuiomba. Akasema, "Mwalimu, mimi nilikuwa nahisi. Mngeniacha, ningeweza kuendelea kutojua. Sasa katibu anajua, na Jumapili baraza zima litajua, na kuna kanuni."

"Kanuni ya kumtenga?"

"Na Meza ya Bwana. Miezi sita. Na mumewe hawezi kubaki kwenye uzee wa kanisa."

"Na wewe unaona ni haki?"

"Mimi nina mtihani wa kuthibitishwa kazini mwaka huu," akasema, na akaonekana kuaibika kwa kujisikia akisema hivyo.

Nikaenda nyumbani kwao. Ningeweza kurudi Mtwara na bodaboda ile ile, na nakiri nililifikiria. Mama Estevao alikuwa uani, anapepeta mpunga. Mwanamke mwembamba, mrefu, na khanga imefungwa kifuani. Nilipojitaja akaweka ungo chini.

"Mwalimu wa mwanangu. Karibu sana. Kuna shida gani, Estevao mgonjwa?"

Nikamwambia yote, nikiwa nimesimama. Nilivyoshuku, nilivyokataa kusaini, nilivyosoma maneno yake mbele ya katibu. Alisikiliza bila kunikatiza. Kuku walikuja kuparura pale mpunga ulipomwagika na hakuwafukuza.

"Kwa hiyo ulitaka kujua kama nipo," akasema mwishoni.

"Ndiyo."

"Nipo."

Akaingia ndani, akatoka na maji ya kunawa, akanimiminia. Kisha akaleta ugali wa muhogo na kisamvu, kwa sababu nilikuwa mgeni na mchana ulikuwa umefika. Nilikula kwa sababu kukataa kungekuwa tusi la pili. Katikati ya chakula nikamwambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu, kwamba na mimi nilichezwa.

"Nilijua," akasema. "Ulivyopokea maji."

Nikamwambia nitakwenda kwenye baraza lao. Nitasimama nitamtetea, nitajitaja, nitasema kama ni kumtenga basi watutenge wote, na mimi ni mwalimu wa chuo cha kanisa, watanisikiliza. Nilikuwa nimeshapanga hotuba. Akanitazama kama mnavyomtazama mwanafunzi mwenye nia njema.

"Mwalimu, wewe utasema halafu utapanda bodaboda. Mimi nitabaki nao. Wakikuchukia wewe, watakayeacha kumsalimia ni mimi." Akakusanya sahani. "Usinisemee. Umeshanisemea mara moja."

Baba Estevao alirudi kutoka shambani jioni ile nikiwa naaga. Mkewe akamwambia kwa Kimakonde, maneno machache, nami nikayasikia kwa kuwa ndiyo lugha yangu. Alisimama na jembe begani. Sidhani kama alikuwa hajui. Nadhani alikuwa ameamua kutojua, kama mchungaji, na nyumba yao ilisimama juu ya uamuzi huo. Aliniamkia kwa adabu, akapita ndani. Hajawahi kusema nami neno zaidi ya salamu mpaka leo.

Baraza liliketi, na ikawa kama mchungaji alivyosema. Mzee alivuliwa uzee, mama akatengwa miezi sita, na umoja wa kina mama ukapewa mwalimu mwingine.

Jumatatu iliyofuata Estevao aliingia ofisini kwangu. Hakutoa shikamoo. Kwa huku kwetu mnajua maana yake, na sikuidai.

"Umesaini, mwalimu?"

"Nimesaini. Alama yako ni ya juu, unastahili."

"Nataka kumtoa Mama wa Tatu."

"Ndiyo sehemu bora ya kazi yako."

"Nilimwahidi hatajulikana. Akibaki, kila atakayesoma atathibitisha." Akaweka karatasi mpya mezani. Sura ya nne ilikuwa imepungua kurasa saba, na mahali pake kulikuwa na mstari mmoja: Mahojiano ya tatu yameondolewa kwa ajili ya usalama wa mhojiwa. "Mngeniuliza alikuwa anafanya nini alipokuwa anaongea, ningewaambia alikuwa anachagua mawe kwenye mchele, na kila akifika kwenye neno gumu aliacha kuchagua. Mngejua simtungi."

Aliniita "nyinyi", kama mtu anayeongea na ofisi. Ni kweli, hilo ndilo swali ambalo Mwalimu Mathayo angeuliza. Alinifundisha kwa swali la kibaraza, na kwa miaka mingi nililitumia kuwanasa waongo. Sikuwahi kulitumia kumwokoa mkweli. Basi lichukueni hilo, kama hamtachukua kingine katika barua hii. Mkimshuku mwanafunzi, mwulizeni kilichokuwa mikononi mwa mhojiwa, nani alipita, nani aliitwa katikati, walikatizwa na nini. Programu inaweza kutunga maneno mazuri, hata mazuri kuliko ya Mama Estevao. Lakini mwanafunzi aliyekuwepo atawaambia jambo lisilo na faida yoyote kwa kazi yake, na hapo mtajua. Hamhitaji kwenda na karatasi kwenye kijiji cha watu. Na msidhani kuficha jina kunatosha. Mtu anajulikana kwa neno lake moja alilozoea.

Naye alikuwa na kosa lake, hilo niliseme. Kumhoji mama yako bila kusema ni mama yako ni udhaifu wa mbinu, na ningemwambia hivyo mapema kama angeniamini. Hakuniamini. Alinishuku mimi kabla sijamshuku yeye, na kati yetu wawili aliyekuwa sahihi ni yeye.

Mtahini wa nje aliipigia mstari ile sentensi iliyobaki, akaandika pembeni: Kwa nini? Mkuu wa chuo akataka tujibu "sababu za kimaadili" tuishie hapo. Nikaandika barua kwa jina langu kwamba mhojiwa aliondolewa kwa kosa la msimamizi, aliyevunja usiri wake wakati wa kuhakiki. Mkuu aliniuliza kama nimefikiria itakavyoonekana kwenye faili langu, mwaka mmoja kabla ya kustaafu. Nilimwambia nimefikiria. Mwezi uliofuata niliondolewa kwenye kamati ya utafiti, na alama ya Estevao ilishuka daraja moja, kwa sababu sura ya nne sasa ilikuwa nyembamba. Alihitimu. Anafundisha sekondari mahali fulani. Nikimwandikia ujumbe hujibu "Sawa mwalimu", na sijui kama kuna kitu nyuma ya hilo sawa.

Sasa kuhusu mama yake. Alikuwa amenikataza kusema, hakunikataza kuja. Jumapili ya kwanza ya mwezi, ambayo ndiyo siku yao ya Meza ya Bwana, nilipanda basi la alfajiri nikaenda. Watu waliotengwa kule hukaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Alikuwa peke yake. Nikakaa pembeni yake. Wenzake walipoinuka kwenda mbele, safu kwa safu, mimi sikuinuka. Hakunitazama. Baada ya ibada akasema, "Umefika salama?" nami nikasema nimefika salama, na nikaenda kutafuta bodaboda.

Nilirudi mwezi uliofuata, na uliofuata. Chuoni kwetu nilikuwa nimesema "kanisa na utamaduni" mara ngapi sijui, kwenye semina, kwenye warsha, na ubao umejaa mishale. Sikuwahi kukiona kitu hicho kikiwa kimekaa kwenye benchi na khanga ya kijani, kikiimba nyimbo zote kwa moyo bila daftari, kisha kikinyamaza mkate unapogawiwa. Binti yake alikaa mbele na vijana. Kila safari aligeuka mara moja kututazama. Mara ya tatu katibu alinifuata nje, akaniuliza kwa upole kama nimetumwa na chuo kuandika habari zao. Nilimwambia hapana. Hakuniamini, na sikumlaumu.

Nilijishuku pia. Mwanamke msomi anatoka mjini kila mwezi kukaa na aliyetengwa, ni rahisi kujipenda katika picha hiyo. Nilimwuliza mama mwenyewe siku moja kama nakuja kwa ajili yake au kwa ajili yangu. Alikuwa anafunga sandali yake. "Mimi nitajuaje?" akasema. "Wewe njoo tu, benchi ni refu."

Mwezi wa saba tangu atengwe, mchungaji alisoma jina lake na kusema amerudishwa. Hakusema zaidi, na nadhani alifupisha kwa makusudi, kwa heshima. Safu za mbele zikaenda, safu za kati zikaenda. Mama Estevao akasimama, akanyoosha khanga. Mimi nilibaki nimekaa. Kwa miezi sita nilikuwa nimejizuia, na hakuna baraza lililonitenga, kwa hiyo hakuna ambaye angenirudisha. Nilikuwa sijalifikiria hilo.

Alikwenda hatua mbili, akasimama. Waliochelewa kufika walikuwa wamesimama mlangoni nyuma yetu, wanangoja apite. Akarudi, akainama kidogo, akasema kwa sauti ya chini, kwa Kimakonde, twende.

Mpaka leo sijui kama alikuwa amenisamehe, au alikuwa amechoka kuniona pale nyuma, au aliona tu kwamba nazuia njia. Nilisimama, nikamfuata.